Mtungi wa kuzamia: mwongozo kamili wa kuubeba, kuujaza na kuukagua bila kuumia

Mtungi wa aluminiamu unaotumika katika vituo vingi vya kuzamia vya pwani yetu, ule unaoitwa S80, una nafasi ya lita 11 tu ndani yake. Ukijazwa hadi presha ya baa 207, yaani psi 3,000, hubeba hewa ambayo ikiachiwa huru ni zaidi ya lita 2,100, na hewa hiyo peke yake ina uzito wa zaidi ya kilo mbili na nusu. Mtungi ukipasuka ghafla, nishati inayotoka ni karibu kilojuli 450. Gari la tani moja linalokimbia kilomita 108 kwa saa lina nishati kama hiyo. Na mtungi huohuo hubebwa begani mchangani, husimamishwa juani, na wakati mwingine hugongwa kwa nyundo kwa sababu klampu, ile inayobana mpira wa kujazia kwenye valvu, imegoma kufunguka.

Mwongozo huu ni wa watu wanaoushika mtungi kila siku: mabaharia wa boti, vijana wa chumba cha kompresa, wasaidizi wa walimu wa kuzamia, na mzamiaji aliyenunua vifaa vyake mwenyewe. Mgeni anayekuja kuzamia hupewa darasa, kitabu na mtihani. Anayemjazia mtungi mara nyingi hufundishwa na aliyemtangulia, kwa kuangalia tu. Sitagusa sana ugonjwa wa kupanda haraka kutoka kilindini, kwa kuwa huo una walimu wengi. Hapa tunazungumzia presha yenyewe na inavyoumiza, hasa nchi kavu na kwenye sitaha.

Presha huumiza kwa njia gani

Njia ya kwanza ni chuma kurushwa. Shingo ya mtungi ina tundu la karibu milimita 25, na mtungi ukijaa hadi baa 207 valvu husukumwa kutoka humo kwa nguvu ya takriban tani moja. Hesi, au tredi kama mafundi wanavyoita, ndizo zinazoishikilia. Zikishindwa, valvu hutoka kama risasi, na mtungi wenyewe hukimbilia upande wa pili. Mpira wa kujazia ukichomoka hupiga huku na huku kama mjeledi, na mwisho wake una kipande cha chuma.

Njia ya pili ni hewa kuingia mwilini. Mtu huona upepo tu, lakini mkondo wa hewa ya presha kubwa unaweza kupenya kwenye jeraha dogo la kidoleni na kusambaa chini ya ngozi mpaka mkono uvimbe. Ukielekezwa jichoni hurusha mchanga na chumvi ndani ya jicho, na sikioni hupasua kiwambo. Kuna pia mzaha mbaya wa gereji na karakana, wa kumwelekezea mwenzako mpira wa kompresa makalioni. Utumbo mpana hauhitaji hata baa moja kupasuka, nguo hazizuii, na watu wamekufa hivyo katika nchi nyingi. Kituo chochote chenye kompresa kiweke sheria moja isiyojadiliwa: anayeelekeza hewa kwa mwili wa mtu, hata kwa utani, hashiki tena vifaa siku hiyo.

Kuhusu kujifuta vumbi kwa hewa, kanuni za usalama kazini za Marekani huruhusu hewa ya kusafishia vitu ikiwa imeshushwa chini ya psi 30 na kuwe na kinga ya vumbi linaloruka. Hiyo ni ya kusafisha vitu. Hewa ya mtungini, hata ikipita kwenye regulata, kifaa cha kupumulia kinachoshusha presha kwa hatua mbili, hutoka hatua ya kwanza ikiwa na takriban baa 9 au 10, yaani karibu mara tano ya kiwango hicho. Kujipulizia mchanga miguuni kwa mpira wa kujazia jaketi la kuelea ni tabia ya kuacha.

Njia ya tatu ni kelele. Valvu ikifunguliwa wazi karibu na kichwa huumiza masikio papo hapo, na anayefanya hivyo kila asubuhi kwa miaka huja kuwaomba watu warudie walichosema. Vizibo vya masikio ni bei ya soda.

Njia ya nne ni mapafu, nayo tutairudia chini, kwa sababu inawapata hata wasiotia mguu baharini.

Kusoma mtungi kabla ya kuugusa kwa presha

Maandishi yaliyogongwa shingoni ndiyo cheti cha mtungi. Jifunze kuyasoma kama unavyosoma tarehe ya mwisho kwenye dawa.

Tafuta kwanza presha ya kazi. Mtungi wa Kimarekani wa aluminiamu huandikwa 3AL3000, na pengine kando yake TC-3ALM207, ambayo ni alama ya Kanada: ni baa 207. Mtungi wa Ulaya huandikwa baa waziwazi, mara nyingi 232 au 300. Namba kubwa zaidi, iliyo karibu na herufi kama TP, PT au PH, ni presha ya majaribio. Usiisome ukadhani ndiyo ya kujazia. Kosa hilo hutokea kwa kijana aliyeambiwa “jaza mpaka namba iliyoandikwa” bila kuambiwa namba ipi.

Kisha tafuta tarehe ya mwisho ya kupimwa kwa maji. Tarehe ya kwanza ni ya kutengenezwa. Zinazofuata hugongwa na aliyepima. Kwa desturi za Marekani kipimo hicho ni kila miaka 5, na mtungi hufunguliwa kuangaliwa ndani kila mwaka. Uingereza ukaguzi wa ndani ni kila miaka miwili na nusu, na wa maji kila mitano. Maji hutumika kwa sababu hayabanwi kama hewa, hivyo mtungi ukipasuka kwenye kipimo hautawanyi vipande. Hujazwa hadi presha ya majaribio, ambayo kwa S80 ni baa 345, na hupimwa unavyotanuka na kurudi. Kwa kanuni za Marekani, ukibaki umetanuka kwa zaidi ya asilimia 10 ya utanuzi wote, umekwisha.

Katika mazingira yetu ya joto, chumvi na mitungi inayojazwa mara mbili au tatu kwa siku, mimi naona ukaguzi wa ndani wa kila mwaka ndio wa chini kabisa. Kusubiri miaka miwili na nusu kunafaa mtungi wa mtu anayezamia Jumapili kwenye ziwa la maji baridi.

Jambo la tatu ni umri na aina ya aluminiamu. Mitungi ya zamani ilitengenezwa kwa mchanganyiko wa aluminiamu uitwao 6351, ambao uligundulika kupata nyufa shingoni hata ukiwa umekaa tu na presha, bila kuanguka. Kadhaa ilipasuka wakati wa kujazwa na kuwakata watu mikono au kuwaua. Nchini Marekani kampuni ya Luxfer ilihamia aina ya 6061 mwaka 1988. Nchi nyingine zilichelewa kidogo. Kwa hiyo mtungi wa aluminiamu wa kabla ya katikati ya miaka ya 1990 uutilie shaka mpaka ujue umetengenezwa kwa nini. Marekani hairuhusu mtungi wa 6351 kuendelea na kazi bila shingo yake kupimwa kwa kifaa cha umeme kinachotafuta nyufa. Kama fundi wako hana kifaa hicho, ushauri wangu ni mmoja: usiujaze, hata ukiwa unang’aa na hata kama uliuziwa na rafiki.

Jambo la nne ndilo linalonitia hofu kuliko yote katika pwani hii, kwa sababu mitungi hutufikia kutoka Ulaya, Marekani na Ghuba, na valvu hubadilishwa ovyo. Kuna hesi za aina mbili zinazofanana kwa macho. Moja ni ya kimetriki, M25x2. Nyingine ni ya inchi, robo tatu yenye meno 14 kwa inchi. Valvu ya M25 huingia kwenye shingo ya inchi robo tatu. Inazunguka, inakaza kiasi, haivuji unapoanza kujaza, halafu ikifika baa 100 au 150 inang’oka. Watu wamekufa hivyo wakiwa wameinama juu ya mtungi. Mtungi wa M25 kwa kawaida umeandikwa hivyo shingoni, na valvu yake imeandikwa chini kwenye hesi. Kama maandishi hayasomeki upande wowote, usijaribu kupima kwa mkono. Fundi mwenye geji ya hesi apime vyote viwili. Na valvu ikitoka kwenye mtungi wake kwa ukaguzi, ifungwe kikaratasi chenye namba ya mtungi ili irudi ilikotoka.

Mwisho wa kusoma ni kutazama mwili wenyewe. Mbonyeo, mkwaruzo unaoshika kucha, kutu iliyochimba chini ya kiatu cha plastiki, rangi iliyovimba: vyote huupeleka mtungi kwa mkaguzi. Vua kiatu hicho cha plastiki mara kwa mara, maji ya chumvi hukaa humo bila mtu kujua. Na mtungi wa aluminiamu uliowahi kuungua, au kupakwa rangi inayookwa kwenye tanuri, hautumiki tena. Joto la zaidi ya nyuzi 176 za Selsiasi hulegeza aluminiamu, na kwa nje huoni tofauti.

Chumba cha kompresa

Hewa unayoibana ndiyo mtu atakayoivuta kilindini. Mdomo wa kompresa unaovuta hewa uwe juu, upande unakotoka upepo, mbali na moshi. Hili watu wanalijua siku ya kawaida. Tatizo ni siku umeme unapokatika, jenereta inapowashwa nyuma ya ukuta, na kaskazi ikibadilika kuwa kusi, moshi ambao miezi yote ulikuwa unakwenda baharini unarudi ndani. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi huo, hushikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na haina harufu. Kiwango cha Ulaya kwa hewa ya kupumulia huruhusu sehemu 5 tu kwa milioni. Kipimo chake cha kielektroniki si ghali ukilinganisha na kompresa. Kiwekwe kwenye njia ya kujazia na mtu akisome kila siku.

Chujio hubadilishwa kwa saa za kazi, na saa hizo zilizoandikwa kwenye kitabu zimekokotolewa kwa hali ya hewa tulivu kuliko ya Pemba mwezi wa Februari. Joto na unyevu hupunguza uhai wa chujio sana. Ukisubiri namba ya kitabu, umechelewa. Maji yanayojikusanya kwenye vitenganishi yatolewe mara kwa mara kazi ikiendelea, kila robo saa au zaidi kidogo, kama kompresa haijitoi yenyewe. Hewa yenye mafuta na unyevu huanza kuozesha mtungi kutoka ndani.

Tanzania Bara vyombo vya presha kazini vipo chini ya ukaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini. Kenya ni DOSHS, idara ya kazi kama hiyo. Usingoje wakuite.

Kujaza, hatua kwa hatua

Kabla ya kuanza, vaa miwani ya kinga, vizibo vya masikio na viatu vilivyofunika vidole. Ndiyo, hata kama chumba kiko futi kumi kutoka ufukweni na kila mtu yuko pekupeku. Mtu asiye na kazi humo atoke nje, na watoto wasiruhusiwe kabisa kusimama mlangoni kutazama.

1. Fungua valvu ya mtungi kidogo sana, kwa sekunde moja, uso ukiwa pembeni. Hewa ikitoka, vizuri: imepuliza maji na mchanga mdomoni mwa valvu. Isipotoka, mtungi ulikuwa mtupu, na maji ya bahari huenda yameingia. Huo haujazwi; unakwenda kufunguliwa na kuangaliwa ndani. Kwa sababu hiyohiyo wafundishe wageni wako kurudi na angalau baa 20 hadi 50.

2. Nusa. Harufu ya mafuta, ya kuoza au ya moshi ni sababu ya kusimama.

3. Kagua oringi, ile pete nyeusi ya mpira. Ikiwa imekatika, imepauka au imepasuka, badilisha. Ni kitu kidogo cha senti chache kinachozuia baa 200.

4. Kausha mdomo wa valvu na wa klampu kwa kitambaa, kisha funga klampu kwa mkono. Kwa mkono tu, usitumie spana.

5. Hakikisha tundu la kutolea hewa limefungwa. Fungua valvu ya mtungi, halafu valvu ya mpira wa kujazia, polepole.

6. Sikiliza. Ukisikia mvujo, usikaze kitu chochote chenye presha. Funga, toa hewa yote, ndipo urekebishe. Kukaza klampu ikiwa imebeba presha ndiyo njia ya kuipata usoni.

7. Jaza kwa mwendo wa baa 20 hadi 30 kwa dakika na uguse mtungi kwa kiganja mara kwa mara. Joto kidogo ni kawaida. Ukianza kuwa wa moto, punguza mwendo. Usiinamie valvu, na usikae mbele ya mdomo wake wala juu yake.

8. Ikifika presha ya kazi, simama. Funga valvu ya mtungi, funga ya mpira, fungua tundu la kutolea hewa, subiri sauti iishe kabisa, ndipo ulegeze klampu.

Hatua ya nane ndiyo inayoumiza watu wa zamu ya jioni, wakiwa wamechoka. Klampu yenye presha haizunguki kwa mkono. Inapogoma, inakuambia kwamba hewa bado ipo. Anayechukua nyundo au bomba la kuongezea nguvu hapo anashindana na mamia ya kilo, na akishinda ndipo anapoumia. Kama klampu haizunguki, rudi kwenye tundu la kutolea hewa. Ondoa nyundo chumbani kabisa, utaona tatizo linapungua lenyewe.

Sasa kuhusu “kujaza moto”. Mtungi uliojazwa haraka ukipoa hupoteza karibu asilimia kumi ya presha, hivyo vijana hujaza hadi 230 ili ubaki na 207. Hesabu ni sahihi lakini njia ni mbovu. Mtungi huo ukiwekwa juani kabla ya kupoa hauna pa kurudi. Jaza polepole, uache upoe wakati unashughulikia mingine, urudi kuuongeza. Vituo vyenye wageni wengi vinaweza kufanya hivi vikianza saa moja mapema.

Na lile pipa la maji ambalo mitungi hutumbukizwa ikiwa inajazwa? Wengi hudhani ni la usalama. Maji hayo yatapunguza joto kidogo, lakini hayatazuia mtungi kupasuka, wala pipa halitazuia vipande. Wakati huohuo, tone moja la maji mdomoni mwa valvu husukumwa ndani kwa presha yote hiyo, na kutu huanza hapo. Mwendo wa polepole unafanya kazi ya pipa bila maji. Ningeliondoa.

Mafuta ni adui mwingine. Usipake mafuta ya nazi, ya kupikia, wala ya cherehani kwenye oringi au hesi. Oringi ya hewa ya kawaida hupakwa grisi ya silikoni kidogo sana. Mtungi wa nitroksi (hewa iliyoongezwa oksijeni), wenye mkanda wa kijani na njano, na ule mdogo wa oksijeni ya dharura uliopo botini, hutaka grisi maalumu ya oksijeni. Oksijeni ikibanwa ghafla hupata joto, na joto hilo likikutana na mafuta huwaka ndani ya valvu. Valvu ya oksijeni hufunguliwa taratibu kana kwamba unafungua bomba la maji usiku usiamshe watu. Kujaza nitroksi kwa kuchanganya oksijeni ni kazi ya aliyesomea. Hakuna mwongozo wa kusoma mtandaoni unaotosha.

Kubeba, kusafirisha na botini

S80 uliojaa ni takriban kilo 17 pamoja na valvu yake. Majeraha ya kawaida kabisa ya mtungi hayahusu presha hata kidogo: ni vidole vya miguu. Mtungi haukai wima bila mtu kuushika, hata kwa dakika moja ya kupigiwa simu. Ulaze chini na uuzuie usivingirike. Ukianguka wima ukagonga valvu kwenye ngazi ya saruji, hiyo hadithi ya vidole inageuka kuwa ile ya tani moja shingoni.

Kwenye pikapu mitungi ilale na ifungwe kwa mikanda. Bodaboda na mkokoteni usio na kingo si vyombo vya kubebea presha. Gari lililofungwa madirisha juani hupanda joto haraka: mtungi uliojazwa baa 207 ukiwa na nyuzi 27 utasoma karibu baa 230 ukifika nyuzi 60. Mtungi mzima huvumilia hilo. Mtungi wenye ufa, au wenye valvu isiyo yake, hujaribiwa hapo. Valvu nyingi za Kimarekani zina kisahani chembamba cha usalama kinachopasuka kabla ya mtungi, na kinapopasuka ndani ya gari sauti yake inatosha kumfanya dereva aache barabara. Valvu nyingi za Ulaya hazina kisahani hicho. Usibadilishe kisahani kwa kingine kinene zaidi au kuweka viwili ili “kisisumbue”.

Botini mitungi ikae kwenye vishikio vyake na ifungwe kwa mpira kabla nahodha hajaondoka, si baada ya kutoka nje ya mwamba. Unapofunga regulata: tazama oringi, kaza kwa mkono, geuza kioo cha geji kiangalie sakafu au upande usio na mtu, kisha fungua valvu pole. Kioo hicho huweza kuruka pale presha inapoingia kwa kishindo. Kama valvu ni ya DIN, yaani ile ambayo regulata huingizwa kwa hesi badala ya kubanwa, yenye kipande cha ndani cha kuigeuza iwe ya klampu, kagua kipande hicho kwa ufunguo wake wakati hakuna presha. Kisilegezwe kamwe wakati mtungi upo wazi.

Oringi ikipasuka botini, sauti ni ya kutisha na wageni hupiga kelele. Kimbilia valvu, ifunge. Usishike mpira unaopiga, hautatulia mpaka hewa ikatike. Wengine wote wageuze uso.

Baada ya kuzamia, wapo wanaokausha kifuniko cha regulata kwa kukipulizia hewa ya mtungini, ile filimbi kali ya ufukweni. Kitambaa kinafanya kazi hiyo kimya, na hakimwagi maji ndani ya hatua ya kwanza.

Bwawani, mita moja tu

Baharia anapojaribu regulata kwenye bwawa la hoteli, akivuta pumzi kamili chini halafu akasimama akiwa ameizuia, anaweza kupasua mapafu. Kina cha mita 1.2 kinatosha. Kila mita 10 za maji ni baa moja ya ziada, kwa hiyo hapo tofauti ni kama sehemu ya nane ya baa, lakini pafu lililojaa halina pa kutanukia. Hewa huingia kwenye damu na kukimbilia ubongoni. Huhitaji kuwa ulizamia kilindini. Yeyote anayeonja regulata majini, hata kwa mchezo, aambiwe jambo moja kabla: usizuie pumzi kabisa.

Vifaa vingine vyenye presha hiyohiyo

Mitungi ya mchezo wa paintball na ile ya bunduki za upepo huenda hadi baa 300, na mingi ni ya nyuzi za kaboni. Kwa kawaida maisha yake ni miaka 15 kutoka tarehe iliyoandikwa, hata kama inaonekana mipya. Marekani watu wamekufa baada ya valvu ya mtungi wa gesi ya kaboni dioksaidi wa paintball kufunguka kutoka shingoni mtu alipodhani anautoa mtungi kwenye bunduki. Paka alama ya rangi kati ya valvu na shingo: alama ikipishana, acha kuzungusha.

Kustaafisha mtungi

Mtungi uliokataliwa usiwekwe stoo “kwa dharura”. Utajazwa siku moja na mtu asiyejua. Fungua valvu uachie hewa taratibu mahali pa wazi, hakikisha hakuna presha, valvu itolewe na fundi, kisha hesi za shingo zikatwe au mwili utobolewe. Ukishakatwa unaweza kuwa kengele ya shule, na kengele nzuri kwelikweli.

Mtu akiumia

Funga chanzo cha hewa kwanza, kama unaweza kufika bila kupita mbele yake.

Hewa iliyoingia kwenye jeraha: hata kama tundu ni dogo kama la sindano, ni hospitali leo hii. Ukibonyeza ngozi ikalia kama chumvi inayosagika chini yake, hewa imesambaa. Usikamue, usifunge kwa kubana. Inua mkono, vua pete na saa kabla hazijakwama.

Jicho: usisugue, suuza kwa maji safi kama ni mchanga, lifunike bila kulikandamiza. Kama kipande kimechoma ndani, usisuuze wala usikitoe.

Sikio linalotoka damu au lenye mlio: lisiingizwe kitu, lisilowe, na mtu huyo asizamie mpaka daktari aseme.

Tumbo baada ya mzaha wa kompresa: mtu anaweza kusimama na kucheka, kisha maumivu yakaja baadaye. Asile, asinywe, apelekwe panapofanyika upasuaji. Aibu ndiyo inayochelewesha wengi wa namna hii, kwa hiyo mpeleke wewe na ueleze wewe.

Mtu aliyetoka majini akiwa na maumivu ya kifua, sauti iliyobadilika, damu mdomoni, ganzi, au akazimia ndani ya dakika chache: mlaze chali, au ubavu kama anatapika, mpe oksijeni safi na piga simu ya dharura. Usimrudishe majini “akatoe hewa”. Atahitaji chemba ya presha, na namba ya iliyo karibu nawe, pamoja na ya DAN Southern Africa, shirika la usalama wa wazamiaji, kwa wanachama wake, viwe vimebandikwa botini na chumba cha kompresa tangu kabla.

Kwa daktari, sema wazi: “Ni hewa ya presha kubwa,” taja baa ngapi, saa ngapi, na iliingia wapi. Daktari wa zamu akiona tundu dogo bila maelezo hayo anaweza kulifunga plasta na kumrudisha mgonjwa nyumbani.